Ageru au kureru: nani kampa nani?

Wanafunzi wangu wanaoanza kujifunza Kijapani hawasumbuliwi sana na iru na aru, vitenzi viwili vya "kuwepo". Ukiwaambia iru ni ya watu na wanyama, aru ni ya vitu na miti, wanashika upesi, kwa kuwa ngeli za Kiswahili zimeshawazoesha. (Angalizo: samaki akiwa baharini ni iru, akifika mezani kwa muuzaji ni aru. Sisi hata akikaangwa bado tunasema "samaki huyu".)

Kinachowatoa jasho ni kupeana. Katika "nimempa" na "amenipa" kitenzi ni kilekile. Viambishi ndivyo vinavyotuambia kitu kimetoka kwa nani kwenda kwa nani. Kitenzi cha Kijapani hakina viambishi vya nafsi, na mara nyingi "mimi" na "wewe" havitajwi kabisa. Mwelekeo basi umo ndani ya kitenzi chenyewe. Kitu kikitoka kwangu ni ageru, kikija kwangu ni kureru. Hon o agemashita: nilimpa mtu kitabu. Hon o kuremashita: kuna mtu alinipa.

Ndiyo maana "Tomodachi ga watashi ni hon o agemashita", kwa maana ya "rafiki alinipa kitabu", ni kosa, japo kila neno lina maana sahihi kwenye kamusi. Rafiki akinipa mimi, lazima iwe kuremashita.

Halafu kuna ndugu. Rafiki akimpa mdogo wangu wa kike kitabu, nasema Tomodachi ga imouto ni hon o kuremashita. Mimi sijapata kitu, lakini mdogo wangu yuko upande wangu, ambao Kijapani huuita "uchi", kwa hiyo kitabu kimekuja kwetu. Kazini, "kwetu" huwa ni kampuni.

Morau ni kupokea, na aliyetoa hufuatwa na neno "ni" au "kara": Tomodachi ni hon o moraimashita, nilipokea kitabu kutoka kwa rafiki. Baadhi ya vitabu huanza na ageru na morau, kureru ikaja masomo mengi baadaye. Sipendi mpangilio huo. Mwanafunzi huwa ameshazoea kutumia ageru kwa kila utoaji.

Na huenda kureru umeshaitumia bila kujua. Kudasai ya mizu o kudasai (naomba maji) inatokana na kudasaru, ambayo ni kureru ya heshima, na itadakimasu ya kabla ya kula ni morau ya unyenyekevu. Utakutana pia na yaru, nayo ni kutoa. Hiyo waachie paka na maua; ukisema umempa mwalimu wako zawadi kwa yaru, utaonekana huna adabu.