Ukiritimba ni nini, na kwa nini Goma yenye rezo (mitandao ya simu) zaidi ya moja bado inaulalamikia

Ukiritimba ni hali ya soko ambamo bidhaa ina muuzaji mmoja tu, na mnunuzi asiyeridhika hana pengine pa kwenda. Wengi wetu hukomea kwenye nusu ya kwanza ya maelezo hayo: tunahesabu wauzaji. Uzito uko kwenye nusu ya pili.

Ndiyo maana ubishi wa simu mjini Goma, mashariki mwa Kongo, hukwama mapema. Mmoja atasema, chini ya mwavuli wa muuza unite (salio la simu) kule Birere, kwamba kampuni za simu zimejaa ukiritimba, "banatuibia mega", yaani wanatuibia data ya intaneti. Mwenzake atamuuliza ukiritimba uko wapi, wakati Vodacom, Airtel na Orange zote zinauza hapa hapa. Wote wawili wanasema kweli, na ili kuona jinsi gani inabidi tutenganishe mambo yanayobebwa na neno moja.

Ukiritimba kamili tuliwahi kuwa nao. Enzi za Zaire, simu ya waya ilikuwa ya idara ya serikali iliyoshika posta na simu pamoja, ambayo leo inaitwa SCPT. Nyaya zilioza, na miaka ya 1990 watu wa Kivu waliotaka kusikia sauti ya ndugu yao walipanga mstari kwenye foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali ambapo kila aliyesubiri alisikia habari za familia yako. Telecel, kampuni ya simu za mkononi, ilikuwa imeshaanza Kinshasa katika miaka ya 1980, lakini simu yake ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Mwaka 2002 zilikuja sheria mpya za mawasiliano, akazaliwa mdhibiti, ARPTC, na kampuni zikaongezeka.

Zikiwa chache, lakini. Soko la wauzaji wachache wakubwa linaitwa oligopoli, na lina tabia yake. Kampuni tatu hazihitaji kukutana gizani kupanga bei. Kila moja inaona bango la mwenzake. Mmoja akipandisha na wengine wakafuata, hakuna anayepoteza mteja. Mei 2016 bei ya intaneti ya simu nchini Kongo ilipanda vikali katika kampuni zaidi ya moja karibu kwa wakati mmoja, na watu wakapiga kelele kutoka Kinshasa hadi huku. Je, walikuwa wamepatana? Kwa mteja jibu halibadilishi kitu: alipotazama rezo nyingine, alikuta bei nayo imepanda.

Kuna ukiritimba mwingine usioonekana kwenye mwavuli, na kwangu huu ndio wa kuelewa kuliko yote. Tuseme shangazi yako yuko Butembo na namba yake ni ya kampuni moja, wewe una namba ya kampuni nyingine. Simu yako haiwezi kumfikia bila kupita kwenye mitambo ya kampuni yake. Hakuna mwingine anayeweza kuifikisha kwenye karte SIM ile. Basi kampuni ya shangazi inaitoza ya kwako ada ya kupokea, na ya kwako inakubebesha wewe. Ni kama mtaa wenye nyumba mia, kila moja na geti lake: wingi wa nyumba haukusaidii, anayekwenda kwa shangazi anapita geti la shangazi. Soko likiwa na kampuni kumi, kila moja bado ina ukiritimba kamili juu ya namba zake. Kwa sababu hiyo nchi nyingi haziachi ada hiyo iamuliwe na kampuni zenyewe. Inawekewa kikomo na mdhibiti, na kwetu ni kazi ya ARPTC.

Ndiyo asili ya simu ya karte SIM mbili, na ya mtu kutembea na simu mbili mfukoni wala si tajiri. Ndiyo asili pia ya swali la kwanza unaloulizwa ukisema, "Mama, uniwekee unite za elfu moja." Anakujibu, "Rezo gani, papa?" WhatsApp imelikwepa geti hilo, maana sauti inasafiri kama mega. Matokeo yake ni kwamba ugomvi wote umehamia kwenye bei ya mega.

Hapo tunafika kwenye malalamiko mawili yanayotajwa siku zote kwa pamoja: bei ghali, huduma mbovu. Watu huyachukua kama matatizo mawili. Mimi nayaona kuwa moja. Muuzaji asiyeogopa kukimbiwa ana njia mbili za kukupandishia. Anaweza kubadilisha bei ya forfe (kifurushi), jambo ambalo kila mtu ataliona. Au anaiacha bei ilivyo na kupunguza unachopata: forfe ya saa 24 inayokufa ikiwa na mega ambazo hukuzigusa, intaneti inayolala jioni wakati kila mtu yuko nyumbani, namba ya huduma kwa wateja inayokuchezea muziki hadi uchoke. Ukilipa dola moja ukatumia nusu, umenunua kwa bei maradufu.

Haki itendeke, hata hivyo. Si kila bei ghali ni ya ukiritimba. Mnara wa simu wa mashambani, Masisi au Walikale, unakunywa mazutu (dizeli), barabara ya kupeleka mazutu ni tope, vita vikija fundi hafiki. Gharama hizo ni za kweli. Zinaleta ukiritimba wa aina ya tatu, ule wa maumbile: kijiji ambacho mapato yake yanatosha mnara mmoja hakitapata wa pili. Mtu wa huko hata akisikia kwamba nchi ina kampuni nne, yeye anayo moja. Dawa inayojulikana ni minara ya kushirikiana. Kampuni kama Helios Towers hupangisha nafasi juu ya mnara mmoja kwa kampuni kadhaa za simu, kila moja ikatundika antena yake.

Waya wa intaneti nao una hadithi ya namna hiyo. Kebo ya baharini ya WACS ilianza kufanya kazi Muanda mwaka 2013, chini ya shirika la umma, kwenye pwani ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Goma inategemea zaidi upande wa mashariki, kupitia Rwanda hadi Bahari ya Hindi, kama Lubumbashi inavyotegemea Zambia. Kila mpaka na kila mwenye waya njiani anachukua chake.

Mpaka huo huo umewapa wakazi wa Goma kitu ambacho mtu wa Kindu, mbali na mpaka, hana. Karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na mji wa Gisenyi, rezo ya Rwanda inavuka bila pasipoti, na wako wengi wenye karte SIM ya Gisenyi kwa ajili ya intaneti. Kumpigia nayo shangazi wa Butembo ni jambo jingine: inahesabiwa kuwa simu ya kimataifa.

Mteja asiye na pa kwenda huvutia na wengine. Kuanzia Septemba 2020 serikali iliweka RAM, tozo ya kusajili simu iliyokatwa moja kwa moja kwenye unite: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G. Haikuwa bei ya kampuni, ilikuwa ya serikali yenyewe, ila ilikamatia mahali pale pale, kwenye unite ulizokwisha kulipia. Lucha, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, lilikuwa kati ya walioipinga barabarani. Ilifutwa mwanzoni mwa 2022.

Kwamba bei hushuka mteja akipata pa kwenda, au hata muuzaji akihisi tu kwamba atapata, Ethiopia ni mfano mzuri. Ethio Telecom ilikuwa peke yake hadi Safaricom ilipofungua huduma huko Oktoba 2022. Lakini bei ilikuwa imeshashushwa kwa zaidi ya theluthi moja mwaka 2018, serikali ilipotangaza kwamba sekta itafunguliwa.

Kwetu mlango mpya ni wa setilaiti. ARPTC iliikataza Starlink, intaneti ya setilaiti, Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Leseni hiyo ilitolewa Kinshasa, wakati Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Januari mwaka huo.