Stripu ya kupima fentanili: mstari mmoja maana yake nini

Ukienda zahanati yoyote ya Kisumu na homa, utadungwa kidole, tone la damu litatiwa kwenye kipimo cha plastiki, kisha utaambiwa usubiri. Mistari miwili ni malaria. Kipimo cha mimba kinachouzwa dukani ni hivyo hivyo, na kile cha kujipima virusi vya UKIMWI nyumbani pia. Kwa miaka mingi macho ya watu wa Nyanza na Magharibi yamezoeshwa jambo moja: mstari wa pili ukijitokeza, kuna kitu.

Stripu ya kupima fentanili, dawa kali ya maumivu, husomwa kinyume. Mistari miwili: fentanili haikuonekana. Mstari mmoja: ipo. Nimelitanguliza hili kabla hata ya kueleza stripu yenyewe ni nini, maana anayelikosea huwa amejisumbua kupima kisha akaondoka na jibu la kumuua.

Stripu hii ni kipande chembamba cha karatasi ngumu kinachochovywa kwenye maji yaliyoyeyushiwa dawa ya kulevya kidogo, ili kujua kama dawa hiyo imetiwa fentanili kabla mtu hajaitumia. Haikubuniwa kwa kazi hiyo. Ilitengenezwa kupima mkojo wa mtu ambaye ameshatumia. Huko Vancouver, Kanada, kituo cha Insite, ambako watu hujidunga chini ya uangalizi wa wauguzi, kilianza mwaka 2016 kuwaruhusu wateja wapime walichokuja nacho. Takriban asilimia 80 ya vipimo vilionyesha fentanili, na wengi wa wenye dawa hiyo waliamini wamenunua heroini. Aprili 2021 serikali ya Marekani nayo ikaruhusu fedha zake zinunue stripu hizi, ingawa baadhi ya majimbo yalikuwa bado yanazihesabu kuwa vifaa vya dawa za kulevya.

Fentanili yenyewe ni dawa halali ya hospitali, ya upasuaji na ya maumivu makali kama ya saratani. Nguvu yake ni takriban mara 50 ya heroini, kwa hiyo chembe inayozidi kidogo tu inatosha kusimamisha pumzi.

Kusomwa kinyume kuna sababu yake, na ukiielewa hutaisahau. Kwenye kipimo cha malaria, mstari hujengwa na kile kinachotafutwa. Protini ya kimelea ni kubwa, inaweza kushikwa pande mbili kwa pamoja, basi inanaswa pale, rangi inakusanyika na mstari unatokea. Fentanili ni molekuli ndogo mno kwa mtindo huo, ikabidi watengenezaji watafute ujanja mwingine. Ndani ya karatasi kuna kingamwili zenye rangi, yaani protini zinazoishika fentanili, chache kwa makusudi, na pale pa mstari wa kipimo pamepakwa kitu kinachofanana na fentanili. Maji yasiyo na fentanili yakipanda, kingamwili zinafika pale zikiwa huru, zinajishikiza, na rangi inaonekana. Yakiwa na fentanili, kingamwili zinafika zikiwa zimeshashika ile ya kwenye maji. Hazina nafasi ya kushika tena, zinapita, na mahali pa mstari panabaki peupe. Mstari mwingine, ule wa kuthibitisha kwamba stripu inafanya kazi, sharti utokee vyovyote iwavyo. Usipotokea, stripu hiyo ni mbovu na jibu lake ni la kutupwa. Na mstari wa kipimo ukionekana, hata uwe umefifia kiasi gani, unahesabiwa kuwa upo.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Dawa inayeyushwa katika maji safi, stripu inachovywa kwa sekunde 15 hivi bila kupitisha alama iliyochorwa, inalazwa mahali pakavu na kusomwa baada ya dakika 2 hadi 5 kulingana na maagizo ya pakiti. Kinachosumbua ni kiasi cha maji. Yakiwa machache mno, methamfetamini au MDMA (ekstasi) huweza kuifanya stripu iseme fentanili ipo wakati haipo. Difenhidramini, dawa ya mzio inayopatikana pia katika baadhi ya dawa za kikohozi, hufanya vivyo hivyo. Yakiwa mengi mno, fentanili kidogo iliyomo haionekani.

Halafu kuna suala la mabonge. Muuza unga, yaani heroini, hana mashine ya kiwandani. Anachanganya kwa mkono, na mchanganyiko wake hutoka kama ugali uliosongwa kwa haraka: huku laini, huku bonge. Ukichota punje chache upande usio na bonge, stripu itasema kweli kuhusu punje hizo tu, si kuhusu kete nzima. Anayejidunga ana nafuu kidogo, maana dawa yake yote huyeyushwa kwanza, na mabaki yanayosalia kwenye kifuniko alichoyeyushia baada ya sindano kuvuta yanaweza kuongezwa maji na kupimwa kabla hajadunga. Anayevuta kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi ndani ya sigara, hana hatua ya maji kabisa. Vilevile stripu haisemi fentanili iliyomo ni kiasi gani. Inajibu ndiyo au hapana, basi.

Sasa tuje Nakuru na Kisumu. Fentanili ni janga la Amerika Kaskazini. Unga unaofika huku kwa kawaida umetoka Afghanistan, ukavuka Bahari ya Hindi, na kutoka Pwani njia ya bara ni barabara ile ile ya malori inayopita Nakuru kuelekea Malaba na Busia. Mtu wa Kaptembwo au Kondele ana haki ya kuuliza kipimo cha shida ya Vancouver kinamhusu nini.

Kinamhusu kwa sababu ya yale yanayotokea unga unapoadimika. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukakadiria kwamba kilimo hicho kimeshuka kwa asilimia 95 nchini Afghanistan. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Walikipiga marufuku mwaka 2000 pia, na miaka michache baadaye heroini iliyokuwa imepungua Estonia ikachukuliwa nafasi na fentanili. Nchi ile ndogo ikakaa miaka mingi miongoni mwa zinazoongoza Ulaya kwa vifo vya kuzidiwa na dawa. Karibu zaidi nasi, Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya kush, dawa ya kulevya inayovutwa kama sigara, na maabara zimekuta nitazini katika baadhi ya sampuli za kush hiyo. Nitazini ni afyuni za kutengenezwa kiwandani, nyingine zina nguvu kuliko fentanili, na stripu ya fentanili haizioni. Zina stripu yake nyingine.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mistari miwili haisemi "safi". Haijasema lolote kuhusu bugizi, vidonge vya usingizi, iliyosagwa ndani ya unga, wala kuhusu methanoli kwenye chang'aa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, na stripu ya fentanili ikichovywa kwenye pombe ile ingeonyesha mistari miwili mizuri kabisa. Kuhusu mchele wa baa, ule wanaotiliwa watu kwenye glasi ili waibiwe, zipo stripu za benzodiazepini, yaani kundi la dawa za usingizi, ila kundi hilo lina dawa nyingi na stripu huziona baadhi vizuri kuliko nyingine. Mimi nisingeinywa bia niliyoiacha mezani kwa sababu tu stripu imesema hapana.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo mengi ya vipimo hulipita mbali, nalo ni arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea. Mtu aliyeamka jasho likimtoka na tumbo likimkata, mkononi ana kete moja aliyoipata kwa taabu, si rahisi atulie dakika tano akitazama karatasi. Na ukitokea mstari mmoja, hataimwaga. Hata Vancouver faida haikuwa watu kutupa dawa. Waliopima kabla ya kutumia na kukuta fentanili walielekea zaidi kupunguza kipimo, na waliopunguza walizidiwa mara chache zaidi. Kwa hiyo anayegawa stripu bila kuzungumzia la kufanya baadaye amegawa nusu ya huduma: kuanza na kidogo, kutotumia peke yako, na kuwa na mwenzako anayejua kutumia naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini na fentanili kwenye ubongo ili pumzi irudi. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri naloksoni iwe mikononi mwa watu wa kawaida wanaoweza kumkuta aliyezidiwa. Haiondoi nguvu ya bugizi wala pombe, lakini kama hujui alichotumia mpe, msaidie kupumua, na hospitali apelekwe hata akizinduka, kwa sababu naloksoni huisha mwilini mapema.

Anayetaka kuiacha arosto yenyewe, methadoni ilianza kutolewa Kenya mwishoni mwa mwaka 2014 pale Mathari, Nairobi, na Kisumu nayo ikapata kliniki yake baadaye. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu isiyolipishwa, 1192.

Sheria nayo haijanyamaza. Ile ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inagusa dawa na pia vyombo vya kuzitumia, na stripu iliyolowa mabaki ya heroini inaweza kumtia mtu matatani akipekuliwa. Anayejua hilo ataitupa upesi mara tu akishaisoma, au hataibeba kabisa.

Nchini Uholanzi, tangu mwaka 1992, mtumiaji anaweza kupeleka kidonge chake ofisini bila kutaja jina, maabara ikakipima na kumwambia yaliyomo yote pamoja na kiasi chake, na dawa ya hatari ikionekana, tahadhari inatolewa kwa umma. Kisumu kuna maabara ya Mkemia wa Serikali. Unga unaofika huko hufika ndani ya bahasha ya polisi kama kielelezo cha kesi, na majibu yake yanaelekea mahakamani, si kwenye maskani za Kondele ambako kete za mzigo ule ule bado zinauzwa.