Mshono wa nyonga bandia ukivuja, usianzie duka la dawa

Wiki ya kuhamasisha kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa huadhimishwa duniani kote tarehe 18 hadi 24 Novemba. Sisi wa upasuaji wa mifupa tunaitumia kusisitiza jambo moja: aliyewekewa nyonga bandia, akiona mshono unavuja, arudi kwa waliompasua kabla hajameza antibiotiki yoyote.

Mshono unaovuja unaweza kuwa dalili ya maambukizi kwenye kiungo hicho. Maambukizi haya si mengi. Kwa kawaida huwapata mgonjwa mmoja au wawili katika kila mia. Ila yakitokea, muda ndio unaoamua. Bakteria wakifika kwenye kiungo hujijengea utando, kama ule ute unaoshika ndani ya mtungi usiosuguliwa. Utando ukiwa mchanga tunaweza kuusafisha na kiungo kikabaki. Ukikomaa dawa haziupenyi, na mara nyingi inabidi kiungo chote king'olewe. Kwa hiyo upasuaji wa kusafisha unawafaa hasa waliopasuliwa ndani ya wiki nne hadi sita zilizopita, na ambao dalili zao hazijazidi wiki tatu.

Tunasikia kila mara kwamba "uchafu unajitoa wenyewe" au "mwili umekataa chuma." Hapana. Mshono unaoendelea kutoa majimaji baada ya wiki moja haujitibu, na kukosa homa si ushahidi kwamba uko salama. Maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakaanza kupanda nayo ni dalili. Vidonge vya kununua hukausha mshono kwa juu huku bakteria wakibaki chini, na sampuli zetu zikioteshwa maabara zinaweza zisioneshe kitu. Asiyepaswa kungoja sampuli ni mgonjwa anayetetemeka kwa homa kali au aliyeshuka presha: huyo apelekwe hospitali ya karibu mara moja, aanzishiwe dawa huko huko.

Njoo na fomu ya kuruhusiwa na stika za kiungo zilizobandikwa kwenye kumbukumbu zako. Stika hizo wengi huzitupa. Zinataja kampuni, aina na kipimo, kwa mfano kichwa (mpira wa kiungo) cha milimita 28, 32 au 36, na kichwa cha kampuni moja huenda kisikae sawasawa kwenye shina (chuma kinachoingia ndani ya mfupa wa paja) la nyingine. Bila stika tunapoteza siku tukitafuta vipuri.

Katika upasuaji wenyewe tunafungua hadi kwenye kiungo. Tunachukua vipande vitano au sita vya nyama, kila kimoja kwa kifaa chake safi na kwenye chupa yake. Maabara inaweza kuviotesha hadi siku 14, maana bakteria wengine huota polepole. Kupangusa mshono kwa pamba hakutoshi. Nyama iliyokufa inakatwa, kisha kichwa na plastiki ya ndani ya kikombe (sehemu ya upande wa nyonga inayokipokea kichwa) vinabadilishwa, kwa sababu nyuma ya plastiki hiyo hapafikiki bila kuitoa. Mwisho tunaosha kwa lita kadhaa za maji ya chumvi. Shina na kikombe cha chuma hubaki kama vimeshika imara.

Fomu ya ridhaa inaeleza kwamba tukikuta kiungo kimelegea tutakitoa. Familia nyingine hutaka kusaini "kusafisha tu." Ulizeni maswali yote kabla ya siku ya upasuaji, kwani uamuzi huo hauwezi kusubiri kikao cha ndugu mgonjwa akiwa mezani.

Dawa huanzia kwenye mshipa, kisha vidonge, kwa kawaida wiki 12. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha wiki sita na 12, na kwa waliotumia sita maambukizi yalibaki kwa wengi zaidi, karibu mara mbili. Bakteria wakiwa stafilokoka, mara nyingi tunaongeza rifampisini, ile ile ya kifua kikuu. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Usiogope, wala usiache dawa. Haitumiwi peke yake, na inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na baadhi ya ARV. Kama unatumia mojawapo, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.