Kuonekana Si Kufikiwa: Ndege ya Jeshi Inapoanguka Mbali na Watu

Ukimuuliza mtu yeyote nini huua abiria wa ndege iliyoanguka, atakutajia kishindo na moto. Sisi tunaofundisha utafutaji na uokoaji huwaza zaidi kuhusu waliotoka hai kwenye mabaki. Hao bado wako hatarini, hata pale ambapo waokoaji wanajua fika walipo.

Tarehe 30 Oktoba 1991, ndege ya mizigo ya Jeshi la Kanada aina ya C-130 Hercules, iliyoitwa redioni Boxtop 22, iliruka kutoka Thule, Greenland, kwenda kituo cha Alert katika Kisiwa cha Ellesmere. Kituo hicho kiko kilomita 800 na ushei kutoka Ncha ya Kaskazini, na mwezi huo jua lilikwishazama kwa majira yote ya baridi. Ndani mlikuwa na watu 18 na shehena ya dizeli. Rubani alikuwa akishuka kwa kutegemea macho, ndege ikagonga mwinuko ikiwa imebakiza kilomita 16 hivi. Wanne walikufa, 14 wakabaki hai, baadhi yao wamelowa dizeli chapachapa.

Mahali palijulikana mapema. Kazi ilikuwa kufika. Ndege za uokoaji zilizunguka juu gizani huku upepo ukizuia watu kuruka, na kikosi cha ardhini kilichotoka Alert kikahangaika na dhoruba na ardhi mbovu. Zilipita zaidi ya saa 30 kabla waokoaji wa parachuti hawajawafikia manusura. Rubani, Kapteni John Couch, alikuwa amekwishakufa kwa baridi. Wenzake 13 walipona.

Walioweza kusogea walijibana pamoja kwenye kipande cha mkia. Wawili walioumia mgongo hawakuweza kuhamishwa, wakabaki nje pale pale walipolala. Uamuzi wa namna hiyo ni mgumu kuliko unavyosikika darasani: ukimhamisha aliyevunjika uti unaweza kumpoozesha, ukimwacha baridi inaweza kummaliza. Kama hasogezeki, zuia upepo kwa chochote kilichopo na mfunike. Na kama unaweza kumwinua kidogo bila kumpinda, penyeza godoro la kiti au nguo chini yake. Watu hurundika mablanketi juu na kusahau ardhi, ilhali ardhi baridi hunyonya joto la mwili bila kukoma.

Nguo iliyolowa ivuliwe ikiwa ipo kavu ya kubadilisha. Usimsugue mikono wala miguu, na mtu aliyepoa sana aguswe taratibu, maana moyo wake hushtuka kirahisi. Pombe haifai kabisa. Huleta damu kwenye ngozi, mtu akahisi joto wakati ndipo analipoteza. Mgonjwa akiacha kutetemeka huku maneno yakimkwama, msidhani amepata nafuu. Hapo ndipo hali imekuwa mbaya.

Kuna kisa kilichokwenda kinyume. Novemba 1946, ndege ya usafirishaji ya jeshi la Marekani ilitua kwa kishindo juu ya barafu ya Gauli, Uswisi, na wote 12 waliokuwemo wakapona. Redio yao ilifanya kazi, lakini wenyewe waliamini wako upande wa Ufaransa, kwa hiyo msako ukaanzia pasipo. Mawimbi ya redio yao ndiyo yaliyowasaidia wataalamu kukisia mahali halisi. Askari wa milimani waliwafikia kwa miguu, kisha marubani Victor Hug na Pista Hitz wakatua juu ya barafu kwa ndege ndogo aina ya Storch zilizofungwa skii, wakawatoa wote tarehe 24.

Siku hizi kukisia kumepungua. Ndege nyingi hubeba kifaa cha dharura kinachojiwasha kwa mshtuko na kutuma ishara ya megahezi 406 kwenye setilaiti. Kinaweza kushindwa: antena ikikatika au kifaa kikizama, hakuna atakayesikia. Ndiyo maana tunasisitiza mkae karibu na mabaki, moto ukishazimika, kwa sababu bodi la ndege huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu anayetembea.

Wenye vifaa hivi kwenye ndege ndogo au mashua, visajilini, na mkibadilisha namba ya simu toeni taarifa. Ishara ikija, jambo la kwanza ni kumpigia mwenye kifaa. Vile vya zamani vya megahezi 121.5 pekee, setilaiti ziliacha kuvisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009.