Masta ya elimu ya afya kwa umma: mnayoambiwa mtaani na ilivyo

Kila ikifika msimu wa maombi ya vyuo simu yangu haitulii. Huyu muuguzi yuko Sengerema, huyu mwalimu wa baiolojia yuko Magu, huyu afisa maendeleo ya jamii wa kata huko Ukerewe, wote swali ni moja, kaka nataka kupiga masta ya afya ya jamii ila nijikite kwenye elimu ya afya, unanishaurije? Na kabla sijajibu washanipa na majibu waliyookota mtaani, mengine nusu kweli, mengine sijui hata yalianzia wapi. Mimi nilishapita huko na kazi yangu ni hiyohiyo, huku Mwanza pembezoni mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo ngoja niyaandike yote hapa, nikiulizwa tena natuma tu.

Tuanze na lile ambalo hata shangazi yangu wa Igoma analo, kwamba unaenda kusomea ubwana afya. Siku namwambia nimepata chuo alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, af akatulia akaniuliza, "Sasa mwanangu, masta nzima uende ukakague vyoo vya mabucha?" Jamani. Bwana afya, yaani afisa afya mazingira, ni kada yake, ana chuo chake na sheria zake, na bila yeye pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba ingekuwa balaa tupu. Sisi kazi yetu ni nyingine. Sisi tunauliza mtu anaamuaje kuhusu mwili wake na watoto wake, anamsikiliza nani, nini kinamzuia, halafu unapanga cha kufanya, unafanya, na mwisho unapima kama kimesaidia au mmekula hela ya mradi bure. Hiyo ya mwisho ndo watu hawaipendi.

Wengine wanasema ni kupita na gari la matangazo na kugawa fulana. Sitakataa, nimeshagawa fulana. Lakini nyuma ya hilo gari kuna dhana kubwa zaidi na hii nataka nikae nayo kidogo maana ndo kiini cha kila kitu: kwamba watu wanaugua kwa sababu hawajui, ukiwaambia watabadilika, basi kazi imeisha.

Risechi yangu niliifanya kisiwani, kwenye kijiji kimoja cha wavuvi, mada ni kichocho. Dodoso langu nililiona safi kabisa, na swali la tatu lilikuwa hivi: Je, umewahi kuugua kichocho? Siku ya kwanza nikahoji watu 14 na wote 14 wakasema hapana. Nikabaki natoa macho, ziwa hilo hapo, watoto wanaogelea humo kutwa, wanaume wamesimama maji ya kiuno wanavuta kokoro, halafu hakuna hata mmoja? Jioni nikamkuta mama mmoja anasugua sufuria kwa mchanga pale majini, kanga kaifunga juu ya magoti, pembeni dagaa wameanikwa. Nikamwamkia, nikamuuliza lilelile swali ila kwa stori tu, bila karatasi. Akacheka. "Mwanangu, kichocho si kile cha kukojoa damu? Hicho hapa kwetu hakipo, kiko huko bara kwenye majaruba ya mpunga. Sisi hapa watu wanavimba matumbo tu, na hayo matumbo yanajulikana yanatoka kwa nani."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Maana mama yuko sahihi! Kichocho cha kukojoa damu ni cha kibofu, na kweli hicho kiko zaidi bara, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga. Cha huku ufukweni ni cha tumbo, Schistosoma mansoni, minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yanatoka na choo kikubwa, mkojo wako unabaki msafi kabisa. Miaka inapita, ini linapata makovu, tumbo linajaa maji, wengine wanatapika damu, na hapo ndo anatafutwa jirani mchawi. Kiswahili kinayaita yote mawili kichocho. Kwa hiyo mjinga pale hakuwa mama, alikuwa mimi na dodoso langu lililopigwa muhuri.

Na hajaishia hapo. Nikamweleza habari za konokono, kwamba vijidudu vinatoka kwa konokono vinaelea majini af vinapenya kwenye ngozi, akaniambia hayo alishayasikia, watoto wake wanameza dawa shuleni na siku hiyo wanarudi wanalalamika tumbo. Kisha akanyoosha mkono akanionyesha mlima. Bomba liko kule juu, foleni, na ndoo unalipia. "Sasa vyombo nikaoshee wapi?" Sikuwa na jibu. Dawa yenyewe, prazikwanteli, inaua minyoo mikubwa iliyomo mwilini lakini haimkingi mtoto asiambukizwe upya, kwa hiyo akimeza Jumatatu na Jumanne akarudi majini mmeanza mwanzo. Pale ungemletea mama kipeperushi cha rangi nne angekufungia dagaa.

Ndo mambo ambayo masta inakufundisha, namna ya kujua unauliza nini kabla hujauliza, namna ya kulijaribu dodoso au ujumbe kwa watu wachache kwanza, namna ya kutenganisha asiyejua na asiyeweza na asiyetaka. Hizi nadharia mtakazokaririshwa darasani hazikushuka mbinguni. Ile ya imani za afya, kwa mfano, ilizaliwa Marekani miaka ya 1950 baada ya idara ya afya ya umma kule kuona watu hawaji kupimwa kifua kikuu hata kikiwa cha bure, wakajiuliza kwa nini. Swali lilelile la mama wa sufuria.

Na msidhani haya tunayasoma kwa mifano ya wazungu tu, Mwanza hapahapa kuna somo ambalo dunia nzima inalisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi wa MEMA kwa Vijana, jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza, 10 zikapata elimu ya afya ya uzazi mashuleni pamoja na huduma rafiki kwa vijana vituoni, 10 nyingine zikabaki za kulinganishia. Vijana wakafuatiliwa miaka. Matokeo? Ujuzi ulipanda, na hata miaka mingi baadaye walikuwa bado wanajua zaidi ya wenzao. Lakini kwenye damu, VVU na malengelenge ya sehemu za siri, tofauti ya maana haikuonekana. Wale watafiti wangeweza kuchapisha tu kwamba ujuzi umepanda wakapiga picha wakaondoka. Hawakufanya hivyo, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote.

Linganisha na huu mwingine wa juzijuzi, umechapishwa 2017, vijiji 16 kanda yetu hii, habari ya tohara ya wanaume ambayo inapunguza hatari ya kupata VVU. Vijiji vyote vilipata kampeni ya kawaida ya tohara, ila kwenye nusu yake viongozi wa makanisa walipewa semina ya siku moja, na kila wiki mbili wakawa wanakutana na watafiti, kisha wakawa wanaongea na waumini wao wenyewe. Kwenye vijiji vya semina waliotahiriwa walikuwa karibu 53 kwa kila wanaume 100, kwingine kama 30. Ujumbe ni uleule, kilichobadilika ni nani kausema. Mtu anaposema elimu ya afya ni porojo mimi namtajia hiyo.

Haya, hesabu. Kuna wanaokuja upande huu wakikimbia namba, eti ni kozi ya kuongeaongea. Poleni sana. Utakutana na epidemiolojia na takwimu muhula wa kwanza tu, na hizo habari za 53 na 30 nilizotaja usipojua zimepatikanaje utakuwa unasimulia kama mimi na shangazi. Mwanza imejengewa jina na namba: ule utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa uliotoka 1995, jamii 12, ukaonyesha kwamba vituo vikitibu magonjwa hayo vizuri maambukizi mapya ya VVU yanapungua kama asilimia 40, sera za nchi nyingi ziliusikiliza. Pale Kisesa, nje kidogo ya jiji, watu wamekuwa wakifuatiliwa kwa utafiti wa VVU tangu 1994. Mimi mtihani wa kwanza wa takwimu nilipata alama ambayo sitaiandika hapa. Ilibidi nimtafute dogo mmoja wa chuo, kwa kompyuta kaniacha mbali, namnunulia chipsi mayai ananifundisha Stata, programu ya takwimu, usiku.

Lazima uwe daktari? Hapana, na hili sitalichelewesha. Darasani kwetu kulikuwa na wauguzi, mtu wa lishe, mwalimu, mtu wa maendeleo ya jamii. Ila vyuo vinatofautiana, vingine vinataka digrii yenye uhusiano na afya au uwe umefanya kazi kwenye afya miaka fulani, kwa hiyo soma sifa za kozi yenyewe kwenye tovuti ya chuo, usimuulize mshkaji kijiweni. Na kama wewe ni mwalimu usijishushe, kusimama mbele ya watu 60 wakakuelewa ni kitu madaktari wengi wanakihangaikia.

Lingine ni la lazima uende nje. Mbona chuo cha CUHAS pale juu Bugando wana MPH, yaani hiyo masta ya afya ya jamii, MUHAS Dar wanayo, KCMC Moshi wanayo. Faida ya kusoma hapa ni kwamba risechi yako unaifanya kwa watu utakaowatumikia, na wasimamizi wako wanajua kisiwa cha Kome kiko wapi. Nje kuzuri pia, sisemi uongo, hasa ukipata ufadhili. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza wanalipa kila kitu kwa mwaka mmoja, wanataka uwe umefanya kazi miaka 2, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka 2. Ila wanaoangalia Marekani nawaona wanachanganya mambo. Kule kuna cheti kinaitwa CHES, cha mtaalamu wa elimu ya afya, huo ni mtihani unaofanya ukiwa na digrii yenye masomo ya kutosha ya fani hii, masta sio lazima, na ni cha mfumo wao wa ajira, ukirudi nacho halmashauri hakuna atakayekuuliza. Na MPH ya kule, kama chuo kinatambuliwa na CEPH, chombo chao cha kuidhinisha kozi za afya ya umma, haipungui krediti 42, kwa hiyo ukiona tangazo la masta ya miezi minne kwa intaneti unacheka unapita. Za mtandaoni halali zipo, ila kabla hujalipa ada waulize TCU, tume ya vyuo vikuu, kama wanaitambua, ukiuliza baada ya kulipa unakuwa umeuliza msiba.

Sasa ajira, na hapa naomba mnivumilie maana sitapamba. Dhana ni kwamba ukiwa na masta mashirika yanakugombania. Miaka fulani ilikuwa karibu na kweli, kanda ya ziwa hapa ilijaa miradi ya VVU, magari meupe kila kona ya Capripoint. Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada yao, na nina marafiki wenye masta zao safi walioambiwa kwa barua pepe kwamba wabaki nyumbani. Mtu alikuwa ameshalipia kiwanja Buswelu. Serikalini nako masta haikupi nafasi yenyewe, unaingia kwa Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, kama wengine, au kama ushaajiriwa unasoma kwa ruhusa af unasubiri muundo wa utumishi uitambue masta yako, na kusubiri huko kuna watu wamezeekea. Mimi nilikaa karibu mwaka na cheti changu kwenye bahasha ya kaki.

Kazi zipo ila ziko sehemu ambazo watu hawaangalii. Kila mkoa na halmashauri kuna mtu wa kuratibu elimu ya afya kwa umma, mara nyingi ni mtu aliyebebeshwa juu ya kazi yake nyingine. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5, hao wote wanataka mtu wa kuwafundisha, kuwaandalia vitini na kuwasimamia. Na Marburg, ugonjwa wa virusi unaoambukiza hata kwa kugusa maiti, ulipoingia Kagera 2023, ukarudi Biharamulo mwanzoni mwa 2025, daktari alihitajika kweli, ila alihitajika pia mtu wa kukaa na familia kuwaeleza kwa nini hawawezi kumwosha marehemu wao, na akawaeleza wakakubali. Hiyo ni taaluma, huwezi kuibuni siku ya msiba.

Na kwenye bajeti yenu msiandike ada peke yake. Kibali cha maadili kinaliwa na miezi, mimi changu kilirudishwa mara mbili, mara moja kwa sababu ya saini. Weka hela ya mkalimani maana sio kila mzee wa kisiwani atakujibu kwa Kiswahili, mimi Msukuma na salamu yangu ya wangaluka nilifika nikakuta watu wanaongea Kikerewe. Weka boti, weka siku ambazo ziwa limechafuka na hakuna boti, unakula na kulala huko huku siku zinakatika. Ada niliimudu, kilichonishinda ni nauli ya kurudi kisiwani mara ya pili na lile dodoso jipya, ambalo kichocho hakikutajwa kabisa, tuliuliza tu tumbo, choo chenye damu, na maji ya vyombo. Aliyenikopesha ni shangazi yuleyule wa Igoma. Nimeshamlipa, ila mpaka leo akipiga simu lazima aulize vyoo vinaendeleaje.