Wanaohubiri maji na kunywa mvinyo: dhana potofu kuhusu unafiki wa kisiasa

Dhana: Maneno ya mnafiki hayana thamani.

Hapa ndipo tunapopotea zaidi. Mwaka 1776 Thomas Jefferson, baadaye rais wa Marekani, aliandika katika Azimio la Uhuru la nchi hiyo kwamba watu wote wameumbwa sawa, ilhali maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Unafiki wa wazi. Lakini Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani akatoroka, hakuyatupa maneno yale. Julai 5, 1852, mjini Rochester, aliwauliza Wamarekani sikukuu yao ya uhuru inamhusu nini mtumwa, akawabana kwa maandishi yao wenyewe.

Agosti 1941 Waziri Mkuu wa Uingereza, Churchill, na Rais wa Marekani, Roosevelt, walitangaza Mkataba wa Atlantiki: kila taifa lichague serikali yake. Mwezi uliofuata Churchill akaliambia Bunge kwamba walizikusudia hasa nchi za Ulaya zilizotekwa na Wanazi. Makoloni hayamo! Mwaka 1943 Nnamdi Azikiwe, mpigania uhuru wa Nigeria, aliandika waraka akiutumia mkataba huohuo kudai kujitawala. Ahadi ikishatamkwa hadharani, si mali ya aliyeitamka peke yake.

Dhana: Anayebadili msimamo ni mnafiki.

Si lazima. Akieleza kilichombadilisha, ni haki yake. Mnafiki habadili kanuni. Huwabana nayo wengine, yeye na wenzake akawaacha nje.

Dhana: "Mbona na nyie mlifanya?" ni jibu.

Msikilize msemaji wa serikali akiulizwa nani alipewa zabuni na kwa bei gani. Anaanza na ufisadi wa waliomtangulia, anataja majina, anapandisha sauti, na kipindi kinakwisha. Huenda kila alichosema ni kweli. Zabuni haijaguswa, na sasa tuna kesi mbili badala ya moja.

Dhana: Afadhali mwovu wa wazi kuliko mnafiki.

Hasira hiyo naielewa. Utafiti wa mwanasaikolojia Jillian Jordan na wenzake, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba mnafiki hutuudhi kwa sababu anapowalaani wengine tunamdhania yeye ni msafi, tunajiona tumedanganywa. Ila kiongozi anayetamba kwamba hatambui kanuni yoyote hatuachii pa kumshikia. Boris Johnson, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliwatangazia Waingereza masharti ya korona, kisha Aprili 2022 polisi wakamtoza faini kwa mkusanyiko wa Juni 2020 katika ofisi yake. Alitozwa kwa masharti yaleyale aliyoyatangaza mwenyewe.