Tazama Unene wa Mistari: Namna ya Kuziangalia Picha za Piet Mondrian

Ikichapwa kwenye kadi, picha ya Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, huonekana kama kazi ya rula na robo saa. Chukua ile ya mwaka 1930 iliyoko Kunsthaus Zürich, makumbusho ya sanaa nchini Uswisi: nyekundu kubwa juu kulia, buluu chini kushoto, njano kidogo pembeni chini kulia. Kila upande wake ni sentimita 46 hivi tu. Anza na mistari myeusi, maana haina unene mmoja. Ule mfupi wa mlalo ulioko kushoto, juu ya buluu, umenenepa kuliko mingine. Ufunike kwa kidole, utaona picha nzima inalalia upande wa nyekundu.

Nyeupe nayo imefanyiwa kazi. Mondrian aliipaka rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, brashi ikielekea huku katika mstatili mmoja na kule katika mwingine, ndiyo maana mwanga hauziangukii sehemu zote sawasawa. Turubai, yaani kitambaa kinachopakwa picha, likibandikwa kitambaa kingine kwa nyuma, kwa nta na joto, alama za brashi hubonyea na hazirudi tena. Vernishi, ule mpako angavu wa juu, nayo huzipa sehemu zote mng'ao mmoja.

Masharti ya rangi, yaani kubaki na nyekundu, buluu na njano pamoja na nyeusi na nyeupe, hayakuwa yake peke yake. Mchoraji Bart van der Leck, waliyekutana naye Laren, Uholanzi, mwaka 1916, alikuwa tayari akipaka nyekundu, buluu na njano bila kivuli. Mwaka uliofuata mchoraji Theo van Doesburg alianzisha jarida la sanaa la De Stijl mjini Leiden, na hapo ndipo wachoraji hawa walipopata jukwaa. Walikuja kutofautiana juu ya mstari wa mshazari: Van Doesburg aliuingiza katika picha zake miaka ya 1920, Mondrian akaukataa. Alipotaka mshazari aligeuza turubai lenyewe likasimama kwa pembe, mistari ikabaki wima na mlalo.

Huko New York, alikohamia mwaka 1940, alianza kupanga mistari kwa tepu za karatasi za rangi kabla ya kupaka. Faida yake ni kubwa: tepu hubanduliwa na kusogezwa sentimita moja, wakati rangi ya mafuta ingebidi ikwanguliwe. Hasara ni gundi, ambayo hukauka. Picha yake ya tepu, New York City I, iko katika makumbusho mjini Düsseldorf, Ujerumani, tangu 1980. Mwaka 2022 makumbusho yalitangaza kwamba huenda imetundikwa juu chini, kwa kuwa katika picha ya kamera ya studio yake iliyochapishwa mwaka 1944 mistari iliyosongamana iko juu, si chini. Haikugeuzwa. Tepu zimezoea kuvutwa upande mmoja kwa miongo mingi, na zikivutwa upande wa pili zinaweza kubanduka.